Java Ilivyofika Migori na Homa Bay: Historia Fupi ya Matoleo kwenye Seva za Vituo vya Afya

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na vijana wenzangu waliotoka chuo juzi: "Kwa nini seva za hospitali zinang'ang'ania Java ya zamani, na mpya ipo, tena ya bure?" Wanaouliza hudhani jibu ni uzembe. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka asubuhi moja ya mwaka 2021 katika kituo kimoja cha afya kaunti ya Homa Bay, ambapo mzembe alikuwa mimi mwenyewe. Nitafika huko. Lakini kwanza nieleze historia, maana bila kuijua utaiona seva ile kama takataka iliyosahauliwa pembeni, kumbe kila namba iliyomo ndani yake ina sababu yake.

Mwanzo: ugonjwa na karatasi

Tusianze na kompyuta, tuanze na watu. Uchunguzi wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI. Homa Bay ilikuwa asilimia 19.6, ya kwanza nchini. Migori ilikuwa asilimia 13.0. Soma tena hizo namba. Homa Bay ni karibu mtu mzima mmoja kati ya watano. Hapa faili la mgonjwa si jambo la ofisi tu, ni la kila boma.

Shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kazi yake ya UKIMWI Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 likaanza kutoa dawa za ARV katika hospitali ya wilaya, wakati ambapo hospitali za umma zilizokuwa na dawa hizo zilihesabika. Dawa hizi ni za maisha. Mtu akianza mwaka 2001, utahitaji kumbukumbu zake mwaka 2011, 2021 na kuendelea. Daktari lazima ajue alianza dawa gani, akabadilishiwa lini, na kiwango cha virusi kilikuwa ngapi mara ya mwisho. Karatasi huliwa na mchwa na kulowa mvua ikipita dirishani. Kwa hiyo kompyuta ziliingia mapema. MSF walitumia programu iitwayo FUCHIA, iliyotengenezwa na Epicentre ya Paris mahususi kwa kufuatilia wagonjwa wa namna hii.

Eldoret: Java inaingia

Upande wa Eldoret nako mambo yalikuwa yanachemka. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu uliojengwa kwa Microsoft Access, kazi ya ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa walipozidi kuongezeka, Access ikaanza kuelemewa. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa taasisi ya Regenstrief, wakishirikiana na watu wa Partners In Health, wakaanza kuunda mfumo mpya. Huo ndio OpenMRS. Ulianza kutumika kikazi Eldoret mwezi Februari 2006, na baadaye mwaka huohuo ukafika Rwanda na Afrika Kusini.

OpenMRS ni programu huria, imeandikwa kwa Java, inaendeshwa ndani ya Tomcat na kuweka data kwenye hifadhidata ya MySQL. Wakati ule Java ilikuwa chaguo la maana. Kampuni ya Sun Microsystems ilikuwa imeitangaza mwaka 1995, James Gosling akiwa ndiye baba yake, kwa ahadi kwamba ukiandika programu mara moja itaendeshwa popote: Windows, Linux, hata kwenye mashine uliyopewa msaada na hujui ilitoka wapi. Kwa vituo vilivyokuwa na kompyuta za kila aina, ahadi hiyo ilikuwa tamu.

Ilikuwa kweli, lakini nusu. "Popote" ilihitaji Java ya toleo linalofaa iwepo hapo kwanza. Nusu hiyo iliyobaki ndiyo imenilisha mimi na wenzangu.

Nyanza: kutoka mradi hadi mfumo wa taifa

Huku kwetu, mpango wa FACES, ushirikiano wa taasisi ya utafiti ya KEMRI na Chuo Kikuu cha California San Francisco, ulihudumia vituo vya Nyanza ikiwemo Migori na Suba, nao ulitumia OpenMRS. Vituo vingine nchini vilitumia IQCare, iliyojengwa kwa teknolojia ya .NET ya Microsoft. Kila mfadhili na mfumo wake. Ukihama kutoka kituo kimoja kwenda kingine, kumbukumbu zako zilibaki nyuma kama viatu mlangoni.

Mwaka 2010 wizara ya afya ilitoa viwango vya mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa. Baada ya hapo ikazaliwa KenyaEMR: OpenMRS iliyoandaliwa kwa fomu na taratibu za Kenya, kazi iliyofanywa na wizara pamoja na I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington. Kuanzia 2012 hadi 2014 iliwekwa katika vituo zaidi ya 300, vingi vikiwa magharibi mwa nchi. Katikati ya kazi hiyo, baada ya uchaguzi wa Machi 2013, wilaya zikawa kaunti, na Migori na Homa Bay zikapata serikali zao na idara zao za afya.

Sasa fikiria maana yake kwa fundi. Kabla ya hapo seva zilikuwa chache na aliyeziweka alizijua moja moja kama mbuzi wake. Sasa ni mamia, zimetawanyika Rongo, Awendo, Kehancha, Muhuru Bay, Karungu, Mbita, na nyingine ng'ambo ya maji kule visiwani. Na kila moja ina toleo lake la Ubuntu, toleo lake la Java na toleo lake la Tomcat, kutegemea mwezi na mtu aliyeiweka.

Namba iliyofichwa ndani ya faili

Nieleze kidogo jinsi matoleo ya Java yanavyofanya kazi, maana hapa ndipo wengi hupotea.

Ukikompaili programu ya Java unapata mafaili yanayoishia na .class. Kila moja huanza na baiti nne ambazo zikiandikwa kwa heksadesimali husomeka CAFEBABE. Huo ni utani wa waliounda Java, na upo mpaka leo. Baada ya hapo hufuata namba ya toleo. Java 6 huandika 50, Java 7 huandika 51, Java 8 huandika 52, Java 11 huandika 55. Java mpya husoma namba za zamani bila shida. Java ya zamani ikikutana na namba kubwa kuliko yake hukataa kabisa. Ndiyo maana ukipeleka programu iliyokompailiwa kwa Java 8 kwenye seva yenye Java 6 utakutana na ujumbe huu:

Unsupported major.minor version 52.0

Mtu asiyejua historia hii atadhani programu imeharibika. Kumbe seva inasema tu, "Mimi nasoma mpaka 50, wewe umeniletea 52."

Hiyo ni shida ya kwenda juu. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa rahisi: ukiwa na shaka, weka Java mpya zaidi. Halafu Septemba 2017 ikatoka Java 9, iliyofunga milango ya ndani ambayo programu nyingi zilikuwa zimezoea kupitia kimyakimya. Septemba 2018 ikatoka Java 11, ikaondoa kabisa vifurushi kadhaa vilivyokuwa sehemu ya Java tangu zamani, kwa mfano javax.xml.bind. Kuanzia hapo "mpya zaidi" haikuwa salama tena. Programu iliyoandikwa kwa Java 8 ingeweza kufa ndani ya Java 11 hata kama namba yake ya 52 inasomeka vizuri.

Maamuzi ya mbali, seva za karibu

OpenMRS ya tawi la 1.9, ambayo juu yake KenyaEMR ilijengwa mwanzoni, ni ya mwaka 2012, enzi za Java 6. OpenMRS Platform 2.0 ya mwaka 2016 ikadai Java 8. Wakati huohuo Ubuntu nayo ilikuwa inabadilisha Java yake ya chaguo-msingi kila baada ya toleo au mawili. Ubuntu 12.04 ilikupa Java 6. Ubuntu 14.04 ilikupa Java 7. Ubuntu 16.04 ilikupa Java 8. Ubuntu 18.04 ilitoka Aprili 2018 na Java 10, halafu ikahamishiwa Java 11 ikiwa tayari mikononi mwa watu. Tazama 14.04 hapo: Java 8 haikuwemo kabisa katika hazina yake ya vifurushi. Aliyeihitaji ilibidi atoke nje kuitafuta.

Na nje kulikuwa na vurugu zake. Oracle ilinunua Sun mwezi Januari 2010. Mwaka 2011 ikafuta leseni iliyokuwa inaruhusu wasambazaji wa Linux kufungasha Java ya Sun, na mwaka 2012 Ubuntu ikakiondoa kifurushi cha sun-java6. Watu wakahamia kwenye hazina ya WebUpd8, ambayo ilikuwa inakupakulia Java moja kwa moja kutoka kwa Oracle. Hiyo nayo ikafungwa Aprili 2019 Oracle ilipobadilisha leseni tena. Bahati nzuri OpenJDK, ile Java huria ambayo Sun ilianza kuifungua mwaka 2006, ilikuwa imekomaa vya kutosha, na OpenJDK 8 ikaendelea kupata viraka vya usalama kutoka kwa watu wengine.

Kwa mtu aliye Nairobi mwenye intaneti ya faiba, haya ni mabadiliko ya mstari mmoja katika maelekezo. Kwa fundi anayeenda Muhuru Bay na flash diski mfukoni ni tofauti. Maelekezo aliyochapisha mwezi uliopita yanamwambia aongeze hazina ambayo haipo tena. Modemu inakula bando lake mwenyewe. Na nyuma yake kuna foleni ya watu walioamka saa kumi usiku.

Asubuhi yenyewe

Basi nifike kwenye kisa changu. Mwaka 2021 nilikuwa nimehitimu si muda mrefu, nikiishi Migori mjini na kusaidia vituo kadhaa. Kimoja kilikuwa Homa Bay. Seva yake ilikuwa kompyuta ya kawaida ya mezani yenye Ubuntu 18.04, imewekwa chini ya meza chumba cha rekodi, na Java 8 imesakinishwa vizuri kabisa na mtu aliyenitangulia. Kituo kilikuwa kimeanza kuacha makaratasi. Daktari alikuwa anasoma na kuandika moja kwa moja kwenye skrini.

Siku moja niliombwa niweke programu ndogo ya kuunganisha ripoti za mwezi. Ilihitaji Java. Sikufikiri mara mbili, nikaandika:

sudo apt install default-jre

Ikaingia. Programu ya ripoti ikafanya kazi. Mfumo wa wagonjwa ukaendelea kufanya kazi. Nikanywa chai, nikapanda matatu nikarudi Migori.

Kosa langu lilikuwa limelala pale likingoja. Kwenye 18.04 default-jre ni Java 11. Ubuntu na Debian hutumia utaratibu uitwao update-alternatives kuamua amri ya "java" inaelekea wapi, na kila Java huja na namba ya kipaumbele. OpenJDK 8 ina 1081, OpenJDK 11 ina 1111. Kama hakuna mtu aliyechagua kwa mkono, yenye namba kubwa inashinda. Kwa hiyo sekunde ile niliyobonyeza Enter, "java" ya seva nzima ilihamia 11. Tomcat haikushtuka kwa sababu ilikuwa tayari inaendeshwa na Java 8 ndani ya kumbukumbu ya mashine. Ingegundua siku itakapozimwa na kuwashwa.

Wiki tatu baadaye umeme ulikatika usiku, UPS ikaishiwa. Asubuhi simu ikalia. Alikuwa sista wa kliniki, mama wa makamo ambaye tangu siku ya kwanza aliniita Jakompyuta.

"Jakompyuta, mashini yako imekataa kuamka."

"Pole, Sista. Jaribu kuizima uiwashe tena."

"Nimeizima mara tatu. Watu wamejaa hapa mpaka kwenye mti. Kuja."

Kutoka Migori unapanda gari mpaka Rongo, halafu lingine mpaka Homa Bay. Nilifika karibu saa tano. Faili la kumbukumbu la Tomcat lilinieleza ndani ya dakika kumi: javax.xml.bind haipatikani. Nikajua ni Java 11. Nikaandika java -version, na pale nikakumbuka programu ya ripoti. Nilitoka jasho, na si kwa sababu ya joto la ziwa.

Kurekebisha kulichukua dakika tano. Nilichagua Java 8 kwa mkono:

sudo update-alternatives --config java

Halafu, kwa kuwa sikutaka mfumo wa wagonjwa utegemee tena chaguo la seva nzima, nikaandika kwenye faili la setenv.sh ndani ya kabrasha la bin la Tomcat njia kamili ya Java 8 kama JAVA_HOME. Tangu hapo hata mtu akileta Java gani, Tomcat inajua njia ya nyumbani kwake.

Saa sita kasoro skrini zilifunguka. Lakini saa nne zilikuwa zimepita. Watu wengi walikuwa wamehudumiwa kwa karatasi za akiba, na sista na karani walibaki jioni wakiingiza kila karatasi. Kulikuwa na mama mmoja aliyetoka kisiwani. Alipanda mashua alfajiri mpaka Mbita, halafu matatu mpaka Homa Bay. Siku hiyo alistahili kupewa dawa za miezi mitatu, lakini daktari hakuweza kuona majibu yake ya mwisho ya kiwango cha virusi, akampa za wiki mbili na kumwambia arudi. Nilimkuta anatoka nilipokuwa naingia. Sista alinisimulia baadaye, hakunigombeza. Aliniambia tu nauli ya mashua ni shilingi ngapi.

Sikuwahi kumwambia kwamba ni mimi niliyeandika amri ile. Nawaambia ninyi leo.

Tumejifunza nini

Wakati Java inazunguka hivyo, dunia ya watengenezaji programu ilikuwa imeshachoshwa na shida hii na kuunda dawa zake. Wa Ruby walipata RVM mwaka 2009 na rbenv mwaka 2011. Wa Node walipata nvm mwaka 2010. Wa Python wana pyenv, wa Java wana SDKMAN. Zote zinafuata wazo moja: weka matoleo mengi pembeni, kila mradi utaje lake. Mwaka 2013 ikaja Docker, iliyosema tufungashe programu pamoja na lugha yake ndani ya kontena moja, na OpenMRS nayo siku hizi hutolewa kwa njia hiyo pia.

Ni vitu vizuri, navitumia kila siku kwenye laptop yangu. Lakini nyingi hudhani intaneti ipo wakati wowote, na kontena la mamia ya megabaiti halipiti kirahisi kwenye modemu ya kituo. Kwa seva za aina ile, mambo yaliyonisaidia ni ya kizamani.

Kwanza, usitumie default-jre wala default-jdk kwenye seva inayofanya kazi. Taja namba, kwa mfano openjdk-8-jre-headless. Neno "default" linamaanisha jambo moja mwaka huu na lingine mwaka ujao, kama ulivyoona kwenye ile orodha ya Ubuntu.

Pili, kila huduma itaje Java yake yenyewe kwa njia kamili. Java mbili zinaweza kukaa kwenye seva moja kwa amani ikiwa hakuna anayebahatisha.

Tatu, usizuie masasisho kwa kuogopa. Openjdk-8 na openjdk-11 ni vifurushi tofauti, kwa hiyo unaweza kubaki kwenye 8 na bado ukapokea viraka vya usalama vya 8. Kubaki kwenye toleo si sawa na kuacha mlango wazi.

Nne, ukishabadilisha chochote, izime seva na kuiwasha wewe mwenyewe, jioni wagonjwa wakishaondoka, ukiwa bado upo pale. Seva ambayo haijawashwa upya baada ya mabadiliko hujaijaribu. Hili ndilo lingeniokoa mimi. Lilihitaji dakika kumi, na nilikuwa nakimbilia matatu.

Tano, andika. Ndani ya kasha la kila seva ninayoihudumia sasa nimebandika karatasi: toleo la Ubuntu, la Java, la Tomcat, la MySQL, tarehe, na nani alifanya nini. Karatasi! Tulikuja kuziondoa, na sasa tunazibandika sisi wenyewe. Sista aliicheka sana ile ya kwanza.

Kwa hiyo ukiingia kituo fulani ukute seva ina Java ya miaka kumi iliyopita, usiharakishe kuwacheka waliokutangulia. Toleo hilo huenda lilichaguliwa na mtu aliyejua OpenMRS ya wakati ule inadai nini, Oracle imefunga nini, na bando limebaki kiasi gani. Uliza kwanza, soma karatasi iliyobandikwa, na kama haipo, iandike wewe. Halafu ndipo uanze kupanga kuhama, kwa sababu kuhama nako ni lazima siku moja.

Haya, leo naishia hapo. Nenda kaandike java -version kwenye seva yako uone inakujibu nini, na uhakikishe ndilo jibu ulilotarajia.